Kidonda Kisifungwe Kabla ya Jibu la Maabara

Nakuandikia kutoka Msambweni. Binti yangu ana miaka minane, yuko gredi ya tatu. Alipokuwa wa miaka minne alitokwa na alama nyuma ya bega la kulia, rangi ya damu iliyovilia, na ngozi ya hapo ikawa ngumu. Tuliambiwa ni kovu, tukapewa mafuta ya kupaka. Mwaka juzi pakainuka kinundu. Tukampeleka kliniki, akadungwa ganzi, kikatolewa, akashonwa nyuzi nne, tukarudi nyumbani. Mwaka haukuisha kikarudi, tena safari hii ni viwili, kando ya lile kovu. Ndipo tukaenda Mombasa, kikakatwa kinyama kikapelekwa maabara. Karatasi imeandikwa ni dematofibrosakoma, na kwamba ni aina ya saratani.

Daktari wa Mombasa anasema atakata kwa upana, sentimita tatu kila upande, na kuziba kwa ngozi ya paja siku hiyo hiyo. Wa Nairobi anasema akate kidogo kidogo huku maabara ikisoma, na gharama yake ni kubwa zaidi. Mume wangu hataki kisu kabisa. Anasema saratani ikiguswa na kisu hukasirika, na kwamba mtoto wa jirani zetu alikuwa na uvimbe wa taya ukaisha kwa dripu bila kukatwa. Mavyaa ana dawa yake ya kubandika. Shemeji yuko Muscat, anasema tusifanye lolote, atatupeleka India. Nimechoka kulia usiku. Nifuate ya nani?

Mama wa Msambweni

Pole kwa kukesha, mwanangu.

Nianze na lile ambalo barua yako inalizunguka bila kulitaja: unaogopa kumzika. Dematofibrosakoma, ingawa ni saratani, ni nadra sana kuua. Hukua polepole, mwaka baada ya mwaka, na kwa kawaida hukaa pale pale ilipoanzia. Wagonjwa ambao ugonjwa wao husambaa hadi mapafuni hawafiki watano katika mia, na wengi wa hao ni wale ambao uvimbe wao ulibadilika tabia ukawa mkali, au ulikatwa ukarudi, ukakatwa ukarudi, kwa miaka mingi. Ubaya wa ugonjwa huu ni kurudi. Kila ukirudi unazama zaidi, na kila upasuaji unaofuata unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Kwa hiyo swali lako si kama mtoto atapona. Swali ni namna ya kuhakikisha kwamba upasuaji unaokuja ndio wa mwisho.

Wala usijilaumu kwa ile miaka ya mafuta. Marekani, ambako hesabu za ugonjwa huu zimewekwa vizuri, hupatikana kwa watu wapatao wanne kwa kila milioni kwa mwaka, na watoto ni wachache kabisa miongoni mwao. Mhudumu wa kliniki anaweza kufanya kazi hadi astaafu asikutane nao hata mara moja. Tena kwa mtoto huanza hivyo hivyo ulivyoeleza, kwa doa bapa lenye rangi ya damu iliyovilia, ngozi ikawa ngumu au ikabonyea, bila maumivu wala kuwasha. Mtu huona kovu, huona alama ya kuzaliwa, hupita. Ninachosikitikia mimi ni kile kinundu cha kwanza, maana barua yako haitaji popote kwamba kilipelekwa maabara. Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kabla ya kuandika safu hii, na neno hili nalisema kwa wazazi wote wanaosoma: kinyama chochote kinachokatwa mwilini mwa mtoto kiende maabara, hata kama kila aliyekiona anaapa kwamba ni kovu. Mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya ganzi kudungwa, "Kitapelekwa wapi?"

Sasa tuje kwa mumeo. Usibishane naye kwa kumwambia hajui kitu, kwa sababu anasema alichokiona. Kinundu kilikuwa kimoja, kikakatwa, vikarudi viwili. Mtu akiona hivyo atasema nini tena, isipokuwa kwamba kisu kimekichokoza? Lakini kilichotokea ni kingine. Uvimbe huu hutuma nyuzi nyembamba pembeni, chini ya ngozi ambayo kwa macho ni safi kabisa, tena si kwa usawa: upande mmoja huenda zikafika sentimita moja, upande wa pili tatu. Kile kinachoonekana juu ni sehemu ndogo tu. Mumeo kama analima anaijua ndago. Ukiikwatua juu juu, majani yanaondoka shamba likapendeza, na baada ya wiki mbili imejaa tena, kwa sababu viazi vyake vimebaki ardhini. Jembe halikuizalisha ndago, ila halikufika chini. Bega la mwanenu lilikatwa juu juu, si kwa nia mbaya, bali kwa sababu aliyekata alidhani anatoa kovu.

Na yule mtoto wa jirani aliyepona taya kwa dripu, mumeo hadanganyi. Kuna saratani ya watoto inayovimbisha taya, na aliyeieleza kwa ulimwengu alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliyeandika juu yake mwaka 1958. Akiwa mpasuaji, aliona kwamba kisu hakiufai ugonjwa ule, akageukia dawa za kudungwa, na uvimbe uliokuwa umeharibu uso mzima ukawa unayeyuka kwa siku chache. Ugonjwa ule unabeba jina lake mpaka leo. Ila dripu zile haziifanyi dematofibrosakoma chochote cha maana. Ndiyo sababu ile karatasi ya maabara ni muhimu kuliko maneno ya majirani: uvimbe huu na ule ni magonjwa mawili, na kila mmoja una dawa yake. Kipo kidonge kiitwacho imatinibu ambacho kinaweza kuusinyaza uvimbe wa binti yako, kwa kuwa ndani ya seli zake kromosomu ya 17 na ya 22 zimebadilishana vipande, na kidonge hicho kinazima amri ya kukua inayotokana na kosa hilo. Marekani ilikiruhusu kwa ugonjwa huu mwaka 2006, kwa watu wazima ambao hawawezi kupasuliwa. Kwa mtoto hutumiwa pale uvimbe ulipo mkubwa mno au mahali ambapo kukata kutamharibu. Bega la binti yako, kwa jinsi ulivyolieleza, halijafika huko. Mionzi nayo, kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, madaktari huiepuka kadiri wanavyoweza, kwa sababu inaweza kudumaza bega na kuzaa saratani nyingine ukubwani. Kwake yeye njia ni kisu, na mumeo aambiwe hivyo na daktari mwenyewe, ana kwa ana.

Hapa ndipo ninapotaka tukae, mwanangu, kwa sababu ndipo penye uamuzi wako. Madaktari wako wawili hawapingani kama unavyofikiri. Wote wanataka kuutoa uvimbe pamoja na ngozi safi inayouzunguka, na kushuka mpaka utando unaofunika msuli. Wanachotofautiana ni namna ya kujua kwamba kilichobaki mwilini hakina ugonjwa.

Daktari wa Mombasa anafuata njia ya kupima kwa rula. Anachora mstari sentimita tatu nje ya uvimbe, anakata, anaziba. Njia hii ni ya heshima na imeponya wengi. Ina kasoro mbili. Ya kwanza, hesabu ya bega lenyewe: kama uvimbe na kovu lake ni sentimita tatu, ukiongeza tatu huku na tatu huku umepata kidonda cha sentimita tisa, juu ya mgongo wa mtoto wa miaka minane. Ya pili ni maabara. Kipande kikifika huko kwa njia ya kawaida, hukatwa sampuli hapa na pale, na sehemu kubwa ya kingo haitazamwi kabisa. Jibu huchukua siku kadhaa, pengine wiki na zaidi, na linapokuja likisema upande fulani bado kuna ugonjwa, ngozi ya paja imekwisha kushonwa juu yake. Kwa njia hii, ikifanywa vizuri, ugonjwa hurudi kwa wagonjwa wachache, chini ya kumi katika mia.

Njia ya pili ilianzishwa Marekani miaka ya 1930 na Frederic Mohs, akiwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Hukatwa kidogo, kisha ukingo wote, duara nzima na sakafu yake, husomwa kwa hadubini. Mahali panapoonekana bado pana ugonjwa ndipo daktari anaporudi kukata, hapo tu, na penginepo pote huachwa. Wanaorudiwa na ugonjwa kwa njia hii ni mmoja au wawili katika mia, na ngozi nyingi zaidi hunusurika. Kwa ukamilifu wake inahitaji daktari aliyesomea kazi hiyo na maabara jirani na chumba cha upasuaji, na vituo vya namna hiyo kwetu Afrika Mashariki ni haba. Lakini kwa uvimbe huu wapasuaji wengi, hata huko Ulaya, hufanya kwa mwendo wa taratibu ambao hauhitaji mitambo ya ajabu. Wanakata, wanafunga kidonda kwa bandeji bila kukishona, mtoto anakaa wodini au nyumbani siku chache, maabara inasoma kingo zote, na ndipo wanarudi kuongeza pale palipobaki au kuziba. Nadhani hili ndilo analokueleza daktari wako wa Nairobi. Bei yake ni nusu kaputi mara mbili au tatu badala ya moja, na siku kadhaa za kidonda kilicho wazi, jambo ambalo si jepesi kwa mtoto wala kwa mama anayebadilisha bandeji.

Mimi naegemea njia ya Nairobi. Lakini usikimbilie mji, kimbilia namna ya kazi. Daktari wa Mombasa anaweza kukufanyia karibu yale yale akikubali jambo moja, nalo ndilo swali ninalotaka umuulize kabla ya lolote: "Kidonda utakifunga lini?" Kama kingo zinaweza kuvutwa zikakutana kwa mshono wa kawaida, kufunga siku hiyo hiyo hakuna ubaya mkubwa, kwani kovu litabaki pale pale na likihitaji kufunguliwa litafunguliwa. Lakini kama itabidi kupandikiza ngozi ya paja, au kuhamisha nyama ya jirani kuziba pengo, mwombe angoje jibu la maabara. Nyama ikishahamishwa, kingo za zamani hazijulikani tena zilikuwa wapi, na ugonjwa uliobaki chini yake unaweza kukaa miaka bila kuonekana.

Muulize pia kama atatia alama. Katika chumba cha upasuaji, kipande kikishatoka, daktari makini hutia uzi mmoja juu, pengine na mwingine upande wa kulia, ili aliye maabara ajue kichwa cha mtoto kilikuwa wapi. Huko maabara kingo hupakwa wino wa rangi tofauti, buluu upande huu, nyeusi upande ule, kabla ya kukatwa. Bila alama hizo jibu litasema tu kwamba ugonjwa umefika ukingoni, na hakuna atakayejua ni ukingo upi.

Kabla ya hayo yote, fanya kazi moja wiki hii. Nenda kwenye maabara iliyosoma kile kinyama cha Mombasa, uombe vioo vyake na kipande chenyewe. Hawakukitupa. Kimezamishwa ndani ya nta, juu ya kijisanduku cha plastiki kidogo kuliko kiberiti, chenye namba iliyoandikwa ubavuni. Kutoka kwenye nta hiyo mwanapatholojia mwingine anaweza kukata utepe mwembamba kuliko unywele na kuusoma upya, bila mtoto kuguswa tena. Uliza kama walitumia rangi ya CD34, ambayo uvimbe huu huipokea, na kama waliona sehemu yoyote iliyobadilika kuwa fibrosakoma, kwa kuwa hiyo ndiyo ile aina kali niliyoitaja. Kama ipo, haraka inaongezeka na kifua nacho kipigwe picha. Na kwa kuwa uvimbe wa binti yako umerudi juu ya kovu, picha ya MRI ya bega kabla ya kisu ina faida, ili daktari ajue umezama kiasi gani.

Shemeji yako wa Muscat anakupenda, na mapenzi yake yana fedha ndani, kwa hiyo msikilize kwa adabu. Ila kungoja pasi, viza na nauli kwa mwaka mzima si jambo la kukubali. Ugonjwa huu si wa kukimbizwa usiku, una nafasi ya wiki kadhaa za kujipanga vizuri, lakini hauna nafasi ya mwaka. Tena ufuatiliaji wake ni wa miaka mingi, na bega la mtoto wa Msambweni haliwezi kwenda Mumbai kila miezi sita. Mwambie shemeji hivi: kile kipande cha nta kinaweza kusafiri bila mtoto, kikasomwa na bingwa popote, na fedha zake zitumike hapa kwa MRI, kwa usomaji wa pili na kwa ile tofauti ya gharama ya Nairobi.

Kuhusu gharama, hakikisha binti yako ameandikwa chini ya jina lako au la mumeo katika SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Mchango ni asilimia 2.75 ya kipato cha nyumba, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hupimwa uwezo wake na kulipa kwa mwaka. Saratani ina fungu lake. Pita Msambweni, hospitali ya rufaa ya kaunti, uchukue barua ya rufaa yenye jina la ugonjwa lililoandikwa wazi, kisha huko unakopeleka mtoto onana na ofisi ya SHA kabla ya tarehe ya upasuaji. Kibali kinachoombwa baada ya kisu huwa na maneno mengi. Coast General pale Mombasa kuna kitengo cha saratani, na hospitali ya Kenyatta, Nairobi, wapo wapasuaji wa watoto na wa kurekebisha maumbile.

Mavyaa usimvunjie heshima. Kombe mtoto anywe, dua zisomwe, na mkono wa bibi juu ya kichwa cha mjukuu wake una faraja ambayo hospitali haina. Lakini dawa ya kubandika isiguse bega. Dawa kali huchoma ngozi ya juu ikafanya kidonda, kinundu kikaonekana kimepungua, na nyuzi za chini zikabaki kama zilivyo. Daktari akija kutazama hajui tena uvimbe unaishia wapi na kuungua kunaanzia wapi. Mweleze kwa upole, na ikibidi mumeo ndiye amweleze mamake, kwa kuwa neno hilo likitoka kwako litageuka ugomvi.

Basi nenda na mumeo kwenye miadi ijayo, hata kama atanuna njia nzima mpaka Likoni. Akae, aulize mwenyewe juu ya dripu na juu ya kisu kukasirisha ugonjwa. Mwanamume anayesaini fomu ya idhini bila kuelewa ndiye atakayemwondoa mtoto wodini siku ya tatu, kidonda kikiwa bado wazi.

Na binti naye aambiwe. Ana miaka minane, anajua kwamba mna jambo mnalomnong'onea. Mwambie atalala kwa dawa, hatasikia kukatwa, akiamka bega litauma na atapewa dawa ya maumivu, na huenda akarudi kulala mara ya pili. Usimwambie ni mara moja tu kama hujui. Mwambie pia kwamba asubuhi hiyo hatakula, ili asidhani anaadhibiwa. Baada ya kushonwa, muulize daktari siku ya kuanza mazoezi ya mkono, kwa sababu kovu la bega kwa mtoto anayekua huvuta, na mkono usiponyooshwa mapema unaweza kukataa kuinuka kufika ubaoni.

Kisha kuna miaka ya kumtazama. Mara nyingi huwa ni kila miezi sita kwa miaka mitano ya kwanza, halafu mara moja kwa mwaka. Mara nyingi ugonjwa ukirudi huonekana ndani ya miaka mitatu, ingawa hata baada ya kumi umewahi kurudi. Ngozi yetu nyeusi hupenda kuota makovu ya kuvimba, hasa begani, na hapo ndipo mtu anaweza kudanganyika kwa mara ya pili. Mfundishe kulipapasa kovu lake kwa vidole akioga, na umwoneshe na wifi au dada atakayekuwa akimtazama usipokuwepo. Likitokea gumu jipya ndani yake, dogo kama punje ya mtama, lisipakwe mafuta wala lisipewe jina la kovu na yeyote mpaka kinyama chake kimesomwa. Ripoti zote, pamoja na namba ya kile kipande cha nta, ziweke katika bahasha moja. Akihamia shule ya bweni au akiolewa mbali na Msambweni, bahasha hiyo iende naye.